Jiwe lina bolti tano na kiota cha kozi, linapandwaje

Tangu nianze kubeba kamba mgongoni kwenye daladala watu wananiuliza kitu kimoja, lile jiwe fupi la bolti tano (vyuma vilivyofungwa kwenye mwamba vya kukamatia kamba) kule upande wa Ilemela linapandwaje, na jibu lake ni refu kuliko ruti yenyewe, yaani njia ya kupandia, kwa hiyo leo nakaa niandike yote. Jina la jiwe sitaandika na ramani sitaweka, mana pale pana kiota cha kozi, ndege mla nyama, na wapo watu wanaochukua vifaranga vya ndege wa namna ile, ila mpandaji akija tukafahamiana nitampeleka mwenyewe mpaka chini ya ukuta. Na haya ninayoandika yanafaa kwa jiwe lolote la Mwanza lenye ndege mla nyama, iwe Nyegezi, iwe Luchelele, iwe huko visiwani.

Ruti yenyewe ina mita kama 14, bolti tano, na juu kuna anka ya pete mbili, yaani pale mwisho pa kufungia kamba. Gredi, yaani kiwango cha ugumu, mimi naipa 5c, ukiwa mfupi labda utaiona ngumu zaidi, 6a, kwa sababu ya sehemu moja nitakayoieleza. Mtu aliyezoea anaimaliza ndani ya dakika kumi. Sasa kulia kwa anka, kama mita sita hivi, kuna kibaraza chembamba chenye kivuli cha jiwe la juu, na hapo ndo kozi anataga.

Kitu cha kwanza kujua, kozi hajengi kiota. Watu wengi wanatafuta rundo la vijiti, wasipoliona wanasema hamna kiota wanafunga kamba. Kozi anakwangua tu kishimo kwenye vumbi la kibaraza au anachukua kiota cha zamani cha kunguru, anataga mayai matatu au manne, basi. Anayaatamia mwezi mmoja na siku chache, vifaranga vikitoka vinakaa hapo hapo wiki tano sita mpaka viruke. Ukijumlisha ni kama miezi miwili na nusu toka yai la kwanza mpaka kifaranga kuruka, na hata wakisharuka wanaendelea kulishwa na wazazi wao na kujifunza kuwinda kuzunguka jiwe lile lile. Tai mweusi, yule mkubwa anayekula pimbi, yeye ni tofauti, anajenga lundo kubwa la vijiti na analirudia mwaka hadi mwaka, mayai yake kwa kawaida ni mawili na kuatamia ni siku kama 45, afu kifaranga anakaa kiotani miezi mitatu. Kwa hiyo kabla ya kupanga chochote jua ni ndege gani, mana muda wa kusubiri unatofautiana sana.

Nieleze kilichonifanya niwe mkali hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa sijui. Tulifika pale tukamsikia anapiga kelele, kek kek kek kek, hasimami, nikadhani ni kelele tu za ndege, mwenzangu nae akasema atatuzoea. Tukapanda kwa zamu toka saa 4 asubuhi mpaka karibu saa 6 mchana na muda wote ule jike anazunguka juu yetu, anatua jiwe la pili, anarudi hewani, anapiga kelele. Tulipokuwa tunakunja kamba kunguru wawili wakatua pale kibarazani, wakaingia ndani kabisa, mmoja akatoka na yai mdomoni. Chini pale kuna mama anaponda kokoto, kila siku yupo, akaniambia, "Mwanangu, yule ndege alikuwa anawaambia muda wote huo." Nilikosa la kusema. Nikamwambia, "Samahani mama, sikumwelewa." Msimu ule hatukuona kifaranga hata mmoja.

Na sio kunguru tu. Jua letu hili la saa 5 likipiga granaiti, jiwe linakuwa kama kikaango, kozi akiwa amekaa pale hata kama hayupo juu ya mayai vizuri anakuwa amesimama kuwapa kivuli. Ukimfukuza kwa nusu saa mchana, yai linaungua na kifaranga mdogo anakauka. Asubuhi na mapema nako kuna baridi na umande, kifaranga anahitaji kufunikwa. Na vifaranga vilivyokaribia kuruka ukivitisha vinajirusha kabla ya wakati, vinaangukia chini kwenye mbwa na paka. Kwa hiyo hakuna muda mzuri wa kupita karibu na kiota chenye uhai, msije mkaambiana tutapita haraka.

Sasa tatizo letu ni kalenda. Ukisoma mambo ya wapandaji wa Ulaya na Marekani utakuta wana tarehe, ukuta fulani umefungwa toka mwezi wa 3 mpaka wa 7, kwa sababu kule majira ya baridi yanawabana ndege wote watage kwa pamoja. Utaratibu ule una historia, ndugu yake kozi wetu, anayeitwa peregrini, aliteketea sana Marekani kwa ajili ya dawa ya wadudu ya DDT iliyofanya maganda ya mayai kuwa membamba yakavunjika mama akiyalalia. Dawa ilipigwa marufuku kule mwaka 1972, na kule hifadhi ya Yosemite wapandaji mawe ndio walioshuka kwa kamba kwenye ukuta wa El Capitan kuwasaidia watafiti kufikia viota, mpaka ndege akatolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1999. Mimi hiyo habari inanipa moyo sana, kwamba watu wa kamba walikuwa upande wa ndege. Lakini tarehe zao hazitufai. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, tuna vuli na masika na kiangazi katikati, na jozi moja inaweza kuanza mapema na jirani yake akachelewa kwa sababu mvua ilikuja vibaya au mayai ya kwanza yaliibwa. Hapa huwezi kusoma tarehe ukutani, inabidi umsome ndege mwenyewe.

Anza na jiwe. Simama mbali, mita 200 au 300, na darubini hata ya bei rahisi, angalia michirizi. Hapa Mwanza kuna mtego kwa sababu mawe yetu yamejaa pimbi, na pimbi wana tabia ya kukojoa sehemu moja vizazi na vizazi, mkojo ukikauka unaacha michirizi mieupe na ya kahawia. Wengi wanaichanganya na kinyesi cha ndege. Ya pimbi inaanzia kwenye ufa au chini ya jiwe lililoinama mahali ambapo mnyama anaweza kufika kwa miguu, ina rangi ya kahawia inayong'aa kama lami karibu na mwanzo wake, na chini yake utakuta rundo la vidonge vya mavi. Ya ndege ni nyeupe kama chokaa, imerukaruka, inaanzia kwenye kibaraza au pembe ambayo pimbi hafiki, na ikiwa mpya inaonekana mbichi kabisa. Chini yake tafuta manyoya ya njiwa na vidonge vya kijivu vilivyochanganyika manyoya na vifupa, hivyo ndege anavitapika baada ya kula. Alama za chaki wanayopaka wapandaji mikononi nazo ni nyeupe ila ziko moja moja kwenye vishikio, hazitiririki.

Ukikuta lundo kubwa la vijiti na udongo, kubwa kuliko beseni la kufulia na tundu la kuingilia liko pembeni, huyo ni fundichuma, sio mla nyama wa namna ninayosema, ila liache kama lilivyo. Bundi wanapenda kulirithi, na wazee wengi huku hawataki kabisa liguswe.

Baada ya jiwe msome ndege. Nenda saa 12 na nusu asubuhi, kaa chini, usivae rangi za kuwaka, kaa saa nzima bila kuhamahama. Siku moja haitoshi, nenda mara mbili au tatu ndani ya wiki mbili. Unachotafuta ni hiki, je kuna ndege anaingia na kutoka mahali pale pale, je dume anakuja na kitoweo na jike anatoka kumpokea, hii wanaifanya hewani kabisa na ni kitu kizuri sana kukiona, je kuna ndege mmoja anaonekana muda wote na mwingine amepotea. Hiyo ya mwisho watu wanaikosea, wanaona ndege mmoja tu wanasema mwenzake kafa, kumbe mwenzake amelala juu ya mayai. Kozi akiwa ameatamia ni kimya sana. Ukimya wa jiwe usikudanganye kwamba pako wazi.

Waulize pia wanaoishi pale. Watoto wanaochunga mbuzi wanajua kila kitu, wanajua ndege amehamia lini na vifaranga ni vingapi, ila uliza kwa namna ambayo haiwafanyi waende kupachungulia. Mimi nilienda kwa yule mama wa kokoto, nikamwambia, "Shikamoo mama, yule ndege wetu yupo?" Akasema, "Marahaba. Yupo, tangu juzi analeta njiwa mara mbili kwa siku." Maneno hayo yana faida kuliko darubini yangu, mana akizidi kuleta kitoweo mara kwa mara huenda vifaranga vimeshatoka.

Sheria yangu ni rahisi na sibishani nayo. Ndege akionyesha dalili ya kutaka kutaga, yaani wawili wanarukaruka pamoja mbele ya kibaraza na kuingia kukagua, jiwe zima linapumzika, sio ruti ile tu, jiwe zima na njia ya kufika juu. Linapumzika mpaka nimeona vifaranga vimeruka kwa macho yangu, afu naongeza wiki nne. Wiki hizo nne ni za vijana wanaojifunza, wanatua hovyo, wanachoka, wanakaa kibarazani mchana kutwa. Kama wakati huo unataka kupanda, mawe Mwanza hayajaisha, mji mzima umekaa juu ya mawe, tafuta jingine ambalo ndege hakuoni, umbali wa mita 200 au zaidi na liwe nyuma ya kona.

Kuhusu ruhusa nitasema kwa kifupi. Jiwe lina mwenye shamba, lina mwenyekiti wa mtaa, na mengine yana heshima zake za matambiko, kwa hiyo nenda, salimia, kwa wazee wa Kisukuma ukianza na mwangaluka asubuhi uso unafunguka, eleza unataka nini, onyesha kamba. Kisiwa cha Saa Nane ni hifadhi ya taifa, usiende na kamba bila kibali. Na ndege wa porini wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kwa hiyo kugusa kiota sio suala la ustaarabu peke yake.

Haya, tuseme umekagua, jiwe liko wazi, sasa tunapanda.

Vifaa. Kamba ya kupandia, ile inayovutika, milimita 9.5 mpaka 10, mita 40 inatosha kwa ukuta huu kwa sababu unahitaji mara mbili ya urefu na ziada. Kamba ya manila au ya kufungia mizigo kwenye fuso usithubutu, haivutiki, ukianguka mgongo ndo unapokea mshtuko wote. Hanesi (mikanda ya kiunoni na mapajani), viatu vya kupandia, helmeti kwa wote wawili, kifaa cha kushikia kamba, kwikidro saba (kila moja ni karabina mbili zilizounganishwa kwa mkanda mfupi, na karabina ni pete ya chuma yenye mlango), kamba fupi mbili za mkanda na karabina nne za kufunga kwa skrubu. Nyingi ya hizi hapa mjini hazipatikani, tunaagiza au mtu akitoka Nairobi anatubebea, ila tafadhali usinunue hanesi wala kamba iliyotumika kama hujui historia yake. Helmeti naisisitiza kwa sababu granaiti yetu inabanduka maganda kama kitunguu. Gonga jiwe kwa ngumi kabla hujalivuta, likilia kama ngoma au debe tupu liache, likilia kama sakafu lishike.

Muda mzuri ni asubuhi kati ya saa 1 na saa 4. Baada ya hapo jiwe linachemka, jasho linakuja, mpira wa kiatu unalainika na vidole vinateleza. Ukiona wingu jeusi limesimama ziwani huku radi inamulika usisubiri likufikie, radi za Ziwa Victoria ni kali sana na wewe uko juu ya kilele na chuma kiunoni.

Nyuki nao. Kwenye nyufa za mawe yetu kuna mizinga ya asili na nyuki wetu hawana subira. Kabla ya kupanda simama kimya dakika tano uangalie nyufa zote juu na pembeni ya ruti, ukiona nyuki wanaingia na kutoka kwa mstari mmoja hiyo ruti siku hiyo haipo. Usijipake manukato. Kama wakishambulia ukiwa juu, hupigani nao, unasema shusha, anayeshika kamba anakushusha haraka lakini bila kuachia mkono, afu wote mnakimbia mbali, ndani ya nyumba au gari kama ipo, usikimbilie kichakani kujificha na usijitose majini. Ndo mana anayeshika kamba avae koti lenye kofia, yeye hawezi kukimbia kabla hajakufikisha chini.

Kukaguana. Hapa sina utani hata kidogo na mtu, hata kama tumepanda pamoja miaka. Wewe unaangalia yangu mimi naangalia yako, hanesi imebana juu ya mfupa wa nyonga, mkanda umerudishwa kwenye bizimu, fundo la nane (lenye umbo la namba 8) limefuatishwa vizuri mistari miwili miwili bila kupandana na mkia umebaki kama urefu wa kiganja na nusu, kamba imeingia kwenye kifaa upande sahihi, karabina imefungwa, na mwisho wa kamba kule chini una fundo. Hilo fundo la mwisho wanalisahau wengi na ndo linalozuia kamba kupita kwenye kifaa ukadondoka wakati unashushwa. Anayeshika kamba, mkono wa chini ya kifaa hauachii kamba, hata ukiumwa na mdudu, hata simu ikiita, hata kozi akipita juu ya kichwa.

Maneno tukubaliane kabla, upepo wa ziwa ukianza kuvuma husikii sentensi ndefu. Sisi tunatumia, umenishika, nimekushika, napanda, panda, legeza, kaza, shusha, na jiwe likidondoka unapiga ukelele wa jiwe mara moja kwa nguvu. Zaidi ya hapo sauti za chini na muziki hakuna kabisa.

Sasa ukuta. Bolti ya kwanza iko juu kidogo, kama mita tatu, na ardhi ya chini ina mawe, kwa hiyo tunatumia fimbo ndefu kuiwekea kwikidro na kamba kabla mtu hajainuka. Kama huna fimbo, mwenzako asimame nyuma yako mikono juu akulinde mgongo mpaka uifikie. Toka ya kwanza mpaka ya pili jiwe limelala kidogo, hamna vishikio vya maana, unapanda kwa miguu. Hapa wageni wanahangaika kwa sababu wanatafuta pa kushika wanajilaza kwenye jiwe, ukijilaza miguu inasukumwa nje unateleza. Fanya kinyume, toa makalio nje, kisigino kishuke chini mpaka soli yote ya mbele ilalie jiwe, hatua fupi fupi kama unapanda ngazi zenye vidato vya karibu, viganja visukume jiwe kwenda chini badala ya kuvuta. Granaiti ina chembe za kushika, iamini. Dada mmoja nilimfundisha pale alikuwa hajawahi kupanda chochote ila amekulia Mabatini anabeba ndoo ya maji kichwani kwenye mawe yale ya mlimani, aliinuka sehemu hii kama anatembea.

Kuweka kamba kwenye kwikidro angalia mambo mawili. Kamba itoke upande wa ukuta kuja kwako, ikiingia kinyume, ukianguka inaweza kujifungulia mlango. Na mlango wa karabina uelekee upande ambao wewe huendi. Afu unapovuta kamba uiweke bolti ya pili, hakikisha umeivuta kutoka kiunoni, sio kutoka chini ya bolti ya kwanza, ukikosea hapo kamba inapinda kama herufi Z na huwezi kusogea. Kabla ya bolti ya pili bado unaweza kugonga chini, kwa hiyo anayeshika kamba asilegeze hovyo na asimame karibu na ukuta.

Bolti ya tatu iko juu ya kibaraza kidogo cha kusimama kwa miguu miwili, pumzika hapo, tikisa mikono, angalia ziwa kama unataka mana visiwa vinaonekana vizuri, na angalia kulia. Nasema angalia kulia kwa sababu hapa ndo mahali pa mwisho pa kuona kile kibaraza cha kozi kabla hujakikaribia. Hata kama ulikagua wiki nzima, angalia tena.

Kati ya ya tatu na ya nne ndo pagumu. Jiwe linatokeza tumbo, kishikio cha kushoto ni ukingo wa upana wa vidole viwili tu, cha kulia ni ufa unaoingiza ngumi nusu. Watu wanavuta kwa mikono wanachoka. Inavyokwenda ni hivi, mkono wa kulia ndani ya ufa dole gumba likitazama chini, mguu wa kushoto uupandishe juu sana, karibu usawa wa goti lako jingine, kuna kijipengele cheusi pale cha kukanyaga, halafu hamishia uzito wote juu ya mguu huo taratibu mpaka uinuke nao, ndipo mkono wa kushoto unafika ukingo mzuri wa juu. Mfupi kuna kituo cha katikati cha mguu wa kulia ndani ya ufa ule ule chini ya mkono. Ukianguka hapa unaning'inia tu hewani, bolti ya tatu iko karibu na kiuno chako, usiishike kamba wala kwikidro, legeza miguu upokee ukuta kwa nyayo.

Bolti ya nne, ya tano, ni jiwe lililolala tena mpaka anka, rahisi, ila kaa kushoto. Kulia kuna vishikio vizuri zaidi vinavyokuvuta kuelekea kibarazani, hata nje ya msimu sivitumii, sitaki jasho langu na chaki yangu vizoeleke mahali pale.

Juu kwenye anka, kama wewe ndo wa mwisho na unatoa vifaa, fanya bila haraka. Jifunge kwa zile kamba fupi mbili, kila moja kwenye pete yake, skrubu zifungwe, kalia uone zimekubeba. Vuta kamba kidogo uipitishe ikiwa imekunjwa ndani ya pete zote mbili, ifunge fundo la nane kwenye hilo kunjo, fundo liweke kwenye kitanzi cha mbele cha hanesi kwa karabina ya skrubu. Ndipo unafungua fundo lako la mwanzo na kuutoa mkia. Hivi kamba haijawahi kukuachia hata sekunde moja na haiwezi kudondoka. Mwambie mwenzako kaza, ukishasikia kamba imekubeba kabisa ndo unazitoa zile kamba fupi. Shusha.

Sasa ikitokea umeshapanda na ndege akatokea. Akipita mara moja kimya, endelea. Akizunguka na kuanza kek kek kek bila kukata, au akashuka kuelekea kichwani kwako, hapo sio suala la kumvumilia mpaka ufike anka. Weka karabina ya kuacha kwenye bolti uliyopo, ile ya bei rahisi unayoibeba kwa kazi hiyo, shushwa, kunja kamba, ondokeni mbali mpaka anyamaze. Karabina utairudia jiwe likiwa wazi tena. Sisi tumeshaiacha moja kwenye bolti ya tatu msimu mzima na tuliikuta.

Ukimaliza piga brashi alama za chaki, okota vijiplasta na chupa. Joto litakuvuta ziwani, ila maji ya pembeni yenye nyasi na konokono yana kichocho, usiingie, beba dumu lako la maji ya kunawa. Andika tarehe na ulichoona kwenye daftari, hata kama hujaona kitu, mana ya mwaka huu itakusaidia mwakani.

Daftari langu la leo linasema hivi, saa 1 kasoro dume kaja na njiwa, jike hakutoka kabisa, kampokelea pale pale kibarazani. Mama wa kokoto anasema ni wiki ya pili sasa. Kwa hiyo jiwe limefungwa, kamba nimeianika ndani, na mwenye hamu ya kupanda Jumamosi hii anitafute twende Luchelele.